Siku sita pamoja na mdogo wangu, munganga wa punda

Leo siandiki bei ya unga wala hali ya barabara. Naandika jambo langu mwenyewe, na nilikawia karibu miaka mitano kuliandika.

Lilinirudia mwaka 2024 kule Bulengo. Nilikwenda na kinasa sauti kuongea na wamama wanaotafuta kuni. Mama mmoja wa kutoka Masisi alitua muzigo wake mbele yangu, akafungua kitambaa cha kichwa, akanionyesha paji la uso, pale kamba inapokaa. Ngozi imekuwa ngumu kama ya kisigino, na katikati yake kidonda kibichi. Akageuka, akainua blauzi kidogo. Chini ya mgongo kulikuwa na kingine, kipana kama kiganja cha mtoto. Akasema: "Mutangazaji, andika tu hivi: sisi tumegeuka punda."

Wenzake walicheka. Mimi pia nilicheka, kwa kutojua la kufanya. Lakini siku ile sikuirusha sauti ile hewani. Sababu ni kwamba mimi punda nimewafahamu. Nimekaa nao siku sita, nimeshika vichwa vyao wakisafishwa vidonda, na nilijua kwamba punda wale walikuwa na kitu ambacho yule mama hana. Sikuweza kumwambia pale mbele ya watu.

Wengi wetu huku tunamjua punda kwa Jumapili ya Matawi, na kwa mwalimu wa shule ya msingi aliyetuita hivyo tukikosea hesabu. Kwetu muzigo unapanda juu ya mgongo wa mama, juu ya chukudu ya kijana, au juu ya pikipiki. Hata sanamu kubwa ya mji wetu wa Goma, ile ya rangi ya dhahabu, ni mtu na chukudu yake. Mimi nilimwona punda kwa macho yangu mara ya kwanza nikiwa na miaka thelathini, huko Naivasha, nchini Kenya, mwaka 2019. Aliyenipeleka kwao ni mdogo wangu wa kike, mtoto wa mama mdogo.

Historia yake ni fupi na inafanana na za wengi wenu. Mwaka 2012, vita vilipofika Bunagana, mama mdogo alivuka mpaka na watoto, akaingia Uganda. Mdogo wangu alikuwa na miaka kumi na sita. Nyumbani waliacha ng'ombe wanne, na yeye ndiye aliyekuwa akiwachunga siku za likizo. Alimaliza shule ya sekondari kambini, akapata msaada wa masomo, akaenda Nairobi kusomea utabibu wa mifugo. Masomo hayo ni miaka mitano. Familia nzima tulidhani anasomea ng'ombe, kwa sababu ya wale wanne. Halafu siku moja anatuma ujumbe wa sauti: "Yaya, nimepewa staji. Ni ya punda." Mjomba wetu alisikiliza mara mbili, akasema shule imemdanganya mtoto.

Mwezi wa kumi mwaka ule niliitwa Nairobi kwa mafunzo ya waandishi wa habari. Mafunzo yalipokwisha nilipanda matatu, ni mwendo wa kilomita karibu tisini, nikashuka Naivasha jioni ya siku ya posho. Kuna ziwa, kuna mashamba makubwa ya maua yanayopelekwa Ulaya, na kandokando yake mitaa ya wafanyakazi. Mmoja unaitwa Karagita. Maji ya bomba hayatoshi mitaani humo, kwa hiyo yanauzwa kwa mikokoteni. Na mikokoteni inavutwa na punda.

Saa kumi na mbili ya asubuhi mdogo wangu alikuwa tayari chini ya mti karibu na mahali pa kuchota maji, amevaa ovaroli ya kijani na bote. Walikuwa wanafunzi watatu na munganga mmoja mkubwa, mzee mpole mwenye kofia. Meza yao ilikuwa ubao juu ya mawe mawili. Juu yake beseni, kisu cha kukata kwato, tupa ndefu ya kusawazisha meno, dawa ya minyoo, na ile dawa ya rangi ya zambarau ya kupuliza juu ya vidonda. Punda walikuja na mikokoteni yao wakasimama kwenye mstari kama watu mbele ya kituo cha afya.

Nilimwambia, "Hizi bido zote ni za punda mmoja?" Mwenye mkokoteni hakuelewa. Mdogo wangu akacheka: "Yaya, huku ni mitungi." Nikaihesabu: kumi na sita, kila mmoja lita ishirini. Kilo mia tatu na ishirini, mbali na mkokoteni wenyewe, na punda mwenyewe hafiki kilo mia mbili. Magurudumu yanasaidia, ndiyo, lakini mzigo ukiwekwa mbele sana unamkandamiza mgongo, na ukiwekwa nyuma sana ule mkanda wa tumbo unamnyanyua na kumkata. Uzito lazima ukae juu ya ekseli. Vijana wengi hawakuwa wameambiwa hilo na mtu yeyote. Walirithi mkokoteni, wakarithi na namna ya kuupakia.

Kilichonishangaza kwanza ni kwamba mdogo wangu hakuanza na punda. Alianza na mwenye punda. Habari ya nyumbani, watoto, biashara. Kisha: amekula? Amekunywa? Amenya namna gani? Halafu anasimama mbali hatua nne au tano, mikono nyuma, anamtazama tu mnyama anavyopumua. Mimi mtu wa redio nilidhani anapoteza muda. Aliniambia nihesabu pumzi kwa saa yangu, nikahesabu, na nikiwa nahesabu akaniambia maneno ambayo bado yapo katika daftari langu:

"Farasi akiumwa tumbo anajitupa chini, anagaragara, kila mtu anajua. Punda hapigi kelele. Anainamisha kichwa, anaacha kula, basi. Mwenyewe anasema leo amekuwa mvivu. Kumbe yuko karibu kufa."

Akaeleza kwamba punda asiyekula siku moja au mbili, mafuta ya mwili wake yanaanza kumiminika kwenye damu mpaka yanaharibu ini. Kwa hiyo punda aliyeacha kula si wa kusubiri kesho. Mgonjwa na aliyechoka wanafanana, na kazi ya munganga ni kuwatofautisha.

Kijana mmoja alileta punda mwenye ulimi mkavu. Mdogo wangu akamuuliza punda anakunywa kiasi gani. Punda wa kazi kwenye jua anahitaji hata lita ishirini kwa siku. Kijana akatazama mitungi yake kumi na sita, akatabasamu kwa aibu: "Hii ni ya kuuza, daktari." Hakuna aliyemkaripia. Munganga mkubwa alifungua mtungi mmoja mwenyewe, akalipa bei yake, akamwaga ndani ya beseni, punda akanywa mpaka akainua kichwa. Baadaye nilimuuliza yule mzee kwa nini hakasiriki. Alisema ukianza kwa kumgombeza mwenye punda, anaondoka na hutamwona tena, na punda wake hutamwona tena.

Vidonda ndivyo vilivyokuwa vingi. Begani, juu ya mgongo, chini ya mkia, popote kamba inapopita. Kamba za nailoni, vipande vya tairi, waya. Watu wanavipaka oili chafu ya gari, wengine majivu. Wanafunzi walikuwa wanaosha kwa maji yaliyochemshwa yenye chumvi, kijiko cha chai kimoja kwa nusu lita, taratibu, mpaka nyama inaonekana. Kisha wanaacha punda na kuchukua kamba zake. Wanazigeuza, wanatafuta wapi imekatika, wapi kuna msumari au fundo. Nilijifunza kwamba huwezi kuponya kidonda na kurudisha juu yake kamba ileile iliyokileta. Na kosa ambalo kila mtu anafanya ni kuweka godoro juu ya kidonda chenyewe. Pale panazidi kubanwa. Unatakiwa uweke kitu laini kuzunguka kidonda, pande zote, katikati pabaki wazi ili pasiguswe.

Sasa nifike kwa punda aliyeniletea kuandika.

Siku ya pili, saa za mchana, alikuja mama mmoja bila punda. Mjane, watoto wanne, amevaa sweta ya mtoto wake wa shule. Akamshika mdogo wangu mkono. "Daktari, punda yangu amekauka."

Tulimfuata mpaka nyuma ya nyumba za mabati. Punda alikuwa amesimama, miguu minne imetanuka kama miguu ya meza, masikio wima, mkia umeinuka kidogo kama wa mnyama aliyeshtuka. Mama alimwekea majani mdomoni, majani yakabaki hapo. Taya halikufunguka. Jichoni, ngozi nyeupe ya ndani ilikuwa imefunika nusu ya jicho. Mtoto mmoja akaangusha mtungi mtupu juu ya mawe. Mwili wote wa punda ukaruka na kukaza kama waya uliovutwa, na haukulegea haraka.

Mdogo wangu alisema neno moja tu: "Pepopunda."

Sisi huku tunasema tetanosi. Neno hili la pepopunda nililisoma shuleni katika orodha ya magonjwa, sikuwahi kujiuliza punda ameingiaje humo. Wazee waliolitunga walikuwa wameona nilichokuwa nakiona. Ng'ombe na mbwa wanauvumilia zaidi ugonjwa huu, lakini farasi na punda unawakamata kwa urahisi kuliko karibu mifugo yote. Kijidudu chake kinakaa katika udongo na katika mavi. Kikiingia ndani ya kidonda kirefu chembamba, mahali hewa haifiki, kinatengeneza sumu, na sumu inapanda kwa njia ya mishipa ya fahamu. Siku zinapita, wiki moja, mbili, hata tatu. Kidonda chenyewe kinaweza kuwa kimeshafunga.

Munganga mkubwa alikuja. Akaomba kimya. Nikazima simu, nikaondoa kinasa sauti begani. Walimwingiza punda ndani ya kibanda cha kuku, wakaziba mianya kwa magunia ili pawe giza, kwa sababu mwanga na kelele vinaleta mikazo. Wakampa sindano. Kisha mzee akainua miguu, mmoja mmoja, polepole, akisubiri kila mara mwili ulegee. Mguu wa nyuma wa kushoto, katikati ya kwato, akakuta tundu dogo jeusi. Msumari. Umeshatoka, tundu limebaki, na ndani usaha.

Nilimwona mdogo wangu akitoka nje. Nikadhani amekwenda kuchukua dawa. Nilimkuta nyuma ya nyumba amechuchumaa, kichwa katikati ya magoti.

Punda huyu alikuwa amempokea yeye mwenyewe majuma mawili kabla, wiki yake ya kwanza ya staji. Alikuja na kidonda kikubwa begani, kinanuka. Mstari ulikuwa mrefu. Mdogo wangu alikiosha vizuri, akakipulizia dawa, akapanga upya mikanda, akajivunia kazi yake, akaandika kwenye daftari. Hakuinua miguu. Mama alikuwa amesema punda anachechemea kidogo, na yeye alidhani ni kwa sababu ya bega. "Alinionyesha, yaya. Mnyama alinionyesha, na mama alinionyesha kwa mdomo. Nilitazama kile kilichokuwa kikubwa." Siku ile wangemsafisha ule mguu na kumpa sindano ya kuzuia, huenda angepona. Nasema huenda, kwa sababu yeye mwenyewe alisema huenda. Lakini sikumsikia akijisamehe kwa neno hilo.

Nilitaka kumfariji, nikakosa neno la kumfariji. Mimi nilikuwa na umri wake nilipotangaza hewani njia fulani kwamba ni salama, kwa kuwa mtu mkubwa alinithibitishia. Haikuwa salama. Hilo silifungui leo. Nasema tu kwamba nilichuchumaa karibu yake.

Usiku walipokezana kukaa na punda. Nami nilikaa zamu moja, giza tupu, nikisikia pumzi tu. Siku ya tatu alikuwa bado amesimama. Walimpa maji kwa mrija wa puani, na kila mara wakiupitisha alikakamaa. Mtoto mkubwa wa yule mama hakwenda shule, alikuwa anazunguka kwa majirani kuomba wasipige muziki. Na wao wakakubali, hilo nalikumbuka vizuri: mtaa wa kelele vile, muziki ukazimwa kwa ajili ya punda.

Siku ya nne alikuja dalali. Miaka ile, tangu mwaka 2016, Kenya ilikuwa imefungua machinjio ya punda, moja yao hapo hapo Naivasha. Ngozi inapelekwa China, inachemshwa, inatolewa gundi ya kutengenezea dawa. Bei ya punda ilipanda, na wizi ukapanda nayo. Wauza maji wengi walikuwa wanalala na punda wao ndani ya nyumba, kamba imefungwa kwenye mkono. Dalali alisikia kuna punda mgonjwa, akaja na pikapu. Akataja pesa. Nilimwona yule mama akihesabu kwa vidole chini ya kanga.

Akamgeukia mdogo wangu. "Daktari, ungekuwa wewe?"

Mdogo wangu hakujibu. Munganga mkubwa ndiye aliyeeleza kwamba mnyama amejaa dawa, nyama yake si ya kuliwa na mtu. Mama akasema ameelewa, lakini macho hayakutoka kwenye pikapu. Mwisho dalali mwenyewe alichungulia ndani ya kibanda, akatazama ile miguu, akasema huyu hafiki kwenye mizani akiwa hai. Akaondoka. Sijui mama angesema nini kama angebaki dakika tano zaidi, na simlaumu kwa jibu lolote.

Alfajiri ya siku ya tano punda alianguka. Punda mwenye pepopunda akianguka na kushindwa kuinuka, hana mbele. Mzee alimweleza mama bila kuzungusha maneno, akangoja mpaka aseme ndiyo. Akasema ndiyo. Aliomba tu watoto wapelekwe kwa jirani kwanza. Mdogo wangu ndiye aliyeshika kichwa. Sindano ikaingia, masikio yakalegea, na ndipo nikaona kwamba kwa siku nne sikuwa nimeyaona yakilegea hata mara moja.

Yule mzee hakumhubiria mwanafunzi wake. Akiwa ananawa mikono alimwambia, "Sasa utainua miguu minne." Hayo tu. Na siku ya sita, chini ya mti, nilimwona akifanya hivyo kwa kila punda, hata aliyeletwa kwa meno, mguu wa kwanza mpaka wa nne, huku mstari ukinung'unika.

Baadaye alimaliza masomo. Kabla ya hapo alipelekwa miezi miwili Ethiopia, mji wa Bishoftu, nchi yenye punda wengi kuliko nchi yoyote duniani. Huko kuna na farasi wa kukokota abiria, na nyumbu, yule anayezaliwa na punda dume na farasi jike, si nyumbu wa porini. Alifurahi kwamba mkokoteni wa farasi kule unaitwa gari, neno letu lilelile. Alinitumia sauti nyingi. Nyingi zilikuwa za ugonjwa mmoja wa ukungu unaotoa vinundu kama shanga kwenye miguu na shingo ya farasi, unaingia kwa vidonda, unasambazwa na nzi na mikanda ya kuazimana. Farasi akizidiwa, mwenyewe anamwachia barabarani, anakwenda popote. Hakuna anayemchinja, hakuna anayemlisha. "Yaya, wanasimama katikati ya lami kama wanamngoja mtu." Ile sauti niliifuta, kisha nikajuta.

Biashara ya ngozi, kwa wanaotaka kujua: serikali ya Kenya iliyafunga machinjio mwaka 2020, mahakama ikaamua kinyume mwaka uliofuata, na mwezi wa pili mwaka 2024 Umoja wa Afrika ulikubaliana kuipiga marufuku barani kote.

Turudi Bulengo. Baada ya kumwona yule mama wa Masisi nilimpigia mdogo wangu. Sasa anafanya kazi na mifugo huko Uganda. Nilimweleza vidonda. Alikata maneno yangu: "Mimi siyo munganga wa watu. Apelekwe kituo cha afya, na aulize chanjo ya tetanosi amepata lini." Kisha akanyamaza, nami namjua, nikangoja. "Kamba ni pana kiasi gani? Muzigo unakaa juu ya mgongo au unaning'inia chini? Anatua mara ngapi njiani?"

Sikuwa nimeuliza hata moja ya hayo. Nilikuwa nimetazama kidonda.

Nilirudi siku ya tano ya wiki. Mama alikuwapo. Nikamuuliza yale maswali, na wenzake wakasogea. Kamba ni upana wa kidole. Muzigo unaning'inia, kwa kuwa kuni ni ndefu na hana panga la kuzikata. Hatui njiani, kwa kuwa kule kwenye pori la Virunga mtu hatui, hatari za huko mnazijua kuliko mimi. Nikamweleza ya mdogo wangu: kitambaa kipana kilichokunjwa badala ya kamba tupu, upana wa vidole vinne, kitu laini kuzunguka kidonda, siyo juu yake, muzigo upande juu, ukaribiane na mgongo. Mama mmoja mzee akachana kipande cha kitenge hapo hapo tukajaribu. Mama wa Masisi alitembea hatua kumi, akarudi. "Paji la uso ni afadhali. Mgongo ni uleule."

Kituo cha afya alikwenda siku iliyofuata pamoja na mimi. Kidonda kilisafishwa, sindano alipata. Wamama wajawazito, hiyo sindano ya tetanosi inatolewa mnapokwenda kupima mimba, na inamlinda na mtoto siku zake za kwanza. Kadi isipotee, na ikipotea wakati wa kukimbia, semeni tu, wataanza upya. Na aliyekanyaga msumari asingoje kwa kuwa tundu ni dogo.

Tukiwa kwenye benchi tunangoja zamu nilimsimulia habari ya Naivasha, yote, hata ya dalali. Nilimwambia kwamba kule, juma kwa juma, kuna mtu anayekuja chini ya mti kutazama kamba za punda. Nilitegemea atasema kitu juu ya hilo, nilikuwa hata nimeandaa kinasa sauti. Hakusema. Alikuwa anafikiria jambo lingine.

"Na yule mama," akaniuliza, "alipata punda mwingine?"

Nilimjibu ninachojua. Miezi mitatu baadaye mdogo wangu alipita Karagita, akamkuta. Wajane watatu walikuwa wamechangishana wakanunua punda mmoja jike. Yeye alikuwa na zamu ya asubuhi mpaka saa tano.

"Asubuhi ni nzuri," akasema mama wa Masisi. "Asubuhi maji yanauzika."

Kisha wakamwita jina lake, akaingia.